Boti ilikuwepo, petroli haikuwepo

Mmeuliza wiki hii: "Kuna haja gani ya kukimbia kilomita 42 ili kuchangisha pesa? Si kila mwenye nacho atoe tu?" Mimi naishi Lamu mjini, na mwaka jana mimi na mume wangu tulizikimbia hizo 42 hapa hapa kisiwani. Haja ipo, tena kubwa, ila haiko siku ya mbio. Iko katika miezi minne ya kabla yake.

Wifi yangu ameolewa Kizingitini, kisiwa cha Pate. Usiku uchungu ulipomshika na damu ikaanza kumtoka, ilibidi aletwe hospitali Lamu, na njia ni bahari. Boti ilikuwepo. Nahodha alikuwepo. Petroli haikuwepo, na pesa za kuinunua zilipatikana kwa kugonga milango hadi alfajiri. Alijifungua salama, alhamdulillahi. Akina mama wa kule wana chama chao, wakaamua kuweka akiba ya mafuta kwa ajili ya wajawazito tu, nasi tukasema tutawachangishia.

Kwanza tulifanya hivyo hivyo mnavyosema: tukatuma ujumbe kwenye makundi ya simu, jamani toeni. Zikaja shilingi 3,200, nyingi za ndugu zetu wenyewe. Siwalaumu watu. Kila siku simu inaleta mchango, leo matanga, kesho harusi, na anayeomba humwoni uso.

Basi tukaamua kukimbia, na tukaanza mazoezi baada ya Idi. Hapa ratiba anayo bahari. Mchanga mkavu wa Shela humeza mguu, ukikimbia juu yake kilomita tano nyonga zinalia. Maji yakipwa, unabaki mchanga mgumu kama sakafu. Lakini maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, na bamvua, yaani maji makuu, likija hupwa saa nne, saa tano, jua limeshawaka. Basi mbio ndefu tuliziweka siku ambazo maji yanapwa alfajiri, iwe Jumatatu iwe Alhamisi. Kutoka gatini hadi Shela ni kama kilomita 3, na ufukwe wenyewe ni 12. Kwenda tunaipokea pepo ya kusi kifuani, kurudi inatusukuma.

Nilianza na dera. Likishalowa jasho linajizongazonga miguuni, na siku ya pili nilianguka. Mavyaa wangu hakusema kitu. Alikaa kwenye cherehani yake akanishonea kanzu ya pamba inayoishia magotini, suruali pana, na mtandio wenye lastiki usiotaka pini. Aliyekuwa na neno juu ya mke wa mtu kukimbia ufukweni, alikutana na yeye kwanza.

Mume wangu ana hatua ndefu. Wiki tatu za mwanzo alinitangulia, akigeuka kunitazama, nami nikirudi nyumbani nimenuna. Tukakubaliana kwamba aliye mzito siku hiyo ndiye ashike mwendo, na mwendo wenyewe uwe ule ambao mtu anaweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Miaka tisa ya ndoa, tulikuwa hatujawahi kuzungumza saa mbili mfululizo bila simu wala watoto. Kulikuwa na deni alilonificha. Aliniambia siku tuliyokimbia kilomita 18, macho yake yako mbele, na nadhani tungekuwa tumekaa tukitazamana asingelisema.

Na watu walikuwa wanatuona. Wavuvi, vijana wa punda, muuza mahamri. Mzee mmoja anayeshona nyavu karibu na gati alianza kwa kutuuliza, "Mwakimbia nini?" Mwezi wa tatu wa mazoezi akauliza, "Jana hamkupita, kuna mgonjwa?" Siku hiyo ndipo nilipotoa daftari. Aliahidi shilingi 10 kwa kila kilomita, yaani 420, kisha akawaita wenzake. Hapo ndipo lilipo jibu langu kwenu: tulikuwa hatuombi tena kwa ujumbe. Watoto wa madrasa waliposikia kwamba mbio kamili ni kilomita 42 na mita 195, masafa yaliyokimbiwa London kwenye Olimpiki ya 1908, wakasema zile mita 195 ni zao, shilingi kwa mita.

Tulikimbia Septemba, siku ambayo maji yalipwa saa mbili asubuhi. Kilomita ya 36 paja la mume wangu lilikaza. Tukatembea, tukala tende, tukaanza tena polepole. Mwanariadha Eliud Kipchoge alimaliza masafa haya Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Sisi ilituchukua saa 5 na dakika 48, na hakuna aliyepunguza ahadi yake. Zile mita 195 watoto walizikimbia nasi, wengine viatu mkononi.

Viatu vyetu tulinunua wenyewe. Mchango wote, shilingi 214,650, tuliutuma kwa chama kwa M-Pesa, na hesabu tukaibandika gatini.

Novemba nilikwenda Kizingitini kumtazama wifi. Madumu yapo matatu, ya lita 20, kwenye banda lenye kufuli. Moja lilikuwa tupu. Mama anayeshika funguo akanifungulia daftari lao: jina la mzazi, tarehe, saa nane usiku, lita 20.