Maswali ya Wasomaji: Je, Wembe Mkali Ndio Unaodumu?

Barua za safari hii zimeangukia kwenye kitu kidogo kinachouzwa kila duka: wembe wa makali pande mbili, ule mwembamba wa milimita 0.1 uliofungwa kwenye karatasi. Tumechagua maswali yanayoulizwa na wengi.

Nimenunua chapa tatu: Feather ya Japani, Astra ya pakiti ya kijani na Derby ya Uturuki. Kaka yangu anaapa kwamba Feather ndiyo kali kuliko zote, jirani anasema Derby inakaa zaidi. Nimezijaribu zote na kila wiki napata jibu jingine. Nipime vipi? (Msomaji, Tanga)

Majibu yanabadilika kwa sababu unabadilisha mambo mengi kwa mpigo. Ndevu hurefuka kama milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, kwa hiyo wembe uliotumika baada ya siku mbili haukukutana na kazi ileile ya wembe uliotumika baada ya siku moja. Anzia hapo. Nyoa kila baada ya saa zilezile, kwa sabuni ileile, na usibadilishe kishikio. Kishikio kina mchango mkubwa kuliko watu wanavyodhani: kuna kinachoacha makali yatokeze sana nje ya kifuniko na kuna kinachoyaficha, na wembe ulioonekana mzembe katika kimoja huweza kunyoa vizuri katika kingine. Kikaze mpaka mwisho. Kikilegea, wembe hutetemeka ukigusa ndevu ngumu, nawe utadhani ni ubutu.

La pili, jifiche jina. Anayejua ameshika Feather ataukuta ukali hata pasipo na ukali. Mwombe mtu wa nyumbani akufungie wembe usipoona. Jina huchapwa sehemu ya katikati ya wembe, na kifuniko cha kishikio hulifunika. Kila chapa aipe herufi, A, B au C, aandike kwenye karatasi na kuificha. Wewe baki na herufi tu. Tena usiihukumu chapa kwa wembe mmoja, kwa maana hata ndani ya pakiti moja nyembe hutofautiana. Tatu za kila aina, kwa kupishanisha, ndiyo idadi ya chini inayofaa.

Mahali pa kupimia ni kidevuni na juu ya mdomo, ambako ndevu ni nene na zimesongamana. Mashavu husamehe wembe wowote. Andika kama ulivuta ulipopita mara ya kwanza kufuata nywele zinakolala, na umepita mara ngapi mpaka pakawa laini. Ukishasuuza uso, lowesha kipande cha shabu, kipake, usubiri kidogo. Shabu huchoma pale ngozi ilipoparuzwa hata kama damu haikutoka, kwa hiyo hukuonyesha ambacho kioo hakikioni. Idadi ya mikato usiichukue kuwa dalili ya ukali. Mara nyingi wembe butu ndio unaokata ngozi, kwa kuwa mkono huanza kukandamiza bila mwenyewe kutambua.

Sasa kudumu. Kabla hujaanza, amua wembe utahesabika umekwisha lini. Kanuni inayotosha: siku utakayovuta kidevuni katika kupita kwa kwanza, hiyo ndiyo siku yake ya mwisho. Usipoweka mpaka huo mapema, wembe unaoupenda utauvumilia mpaka mara ya nane na usioupenda utautupa mara ya tatu, halafu utaandika kwamba umepima. Tumia pande zote mbili sawasawa. Tone la rangi ya kucha upande mmoja wa kifuniko litakukumbusha ulipoanzia jana, ili leo uanzie upande wa pili. Wengi hupata kunyoa kati ya mara 3 na 7 kwa wembe mmoja, na mwenye ndevu ngumu asishangae akiishia mara 2.

Feather inajulikana kwa kuanza ikiwa kali mno, Derby kwa upole wake. Sifa hizo hazikuzuka hewani, lakini ni sifa za siku ya kwanza. Hazikuambii lolote kuhusu siku ya nne, na hapo ndipo kaka yako na jirani wanapopishana bila kugombana: mmoja anazungumzia ukali, mwingine anazungumzia maisha ya wembe. Ukimaliza, gawanya bei. Tuseme pakiti ya nyembe 5 ni shilingi 1,500 na kila wembe unanyoa mara 3: kila kunyoa ni shilingi 100. Pakiti ya shilingi 6,000 ambayo kila wembe wake unanyoa mara 6 ni shilingi 200. Unaodumu maradufu bado umekugharimu maradufu.

Nina mizani ya jikoni ya kidijitali. Naweza kupima ukali bila kuhusisha uso wangu? (Msomaji, Nairobi)

Unaweza, kwa kadiri. Wanoaji wa visu hutumia kipimo kiitwacho BESS, ambacho huhesabu gramu za nguvu zinazohitajika kukata uzi maalumu. Namba ikiwa ndogo, makali ni makubwa. Wembe mpya wa pande mbili huwekwa karibu na 50, ilhali kisu cha jikoni kilichonolewa vizuri husifiwa kikifika 150 au 200.

Nyumbani, chukua kikombe kizito, tandika juu ya mdomo wake mshipi mwembamba wa nailoni wa kuvulia na uukaze kwa utepe wa gundi pande zote mbili. Weka kikombe kwenye mizani, rudisha namba kwenye sifuri. Shika wembe ukiwa ndani ya kishikio, si kwa vidole vitupu, kisha ushushe taratibu, wima, bila kuuburuta. Soma namba ya juu kabisa kabla mshipi haujakatika. Rudia mara tano, kila mara sehemu nyingine ya makali, kisha uchukue namba ya katikati. Uzi wa pamba wa kushonea haufai, kwa sababu unafumuka na kukupa namba zisizoshikika. Usiburute kabisa: ukiburuta umepima msumeno, hujapima wembe.

Namba zako linganisha baina yao tu, usizipeleke kwenye BESS, kwa kuwa mshipi wako si uzi wao. Faida kubwa ya zoezi hili ni kupima wembe uleule kabla ya kuutumia, baada ya kunyoa mara moja, na baada ya mara nne. Hapo utaona ukali ukishuka. Usichoweza kuona ni ulaini usoni, ambao hutegemea pia utando uliopakwa juu ya makali.

Assalaam aleikum. Unywele ni laini, wembe ni chuma. Huwaje unywele ukashinda chuma? Na huku kwetu karibu na bahari wembe hupata madoa hata ukiachwa siku tatu tu. (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Swali lako la kwanza liliwasumbua hata wanasayansi. Mwezi Agosti 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kutazama wembe ukikata nywele chini ya darubini ya elektroni. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele karibu mara 50. Hata hivyo, makali yalimeguka vipande vidogo sana. Hayakulika polepole tu kama soli ya kiatu. Kumeguka kulitokea pale mambo matatu yalipokutana: unywele unaopinda na kuufikia wembe kwa upande, chuma ambacho ndani yake sehemu ngumu na laini hazikuchanganyika sawasawa, na unywele kugusa makali mahali hasa palipo dhaifu. Ndiyo sababu nyembe mbili za pakiti moja zinaweza kuishi maisha tofauti.

Kwa mnyoaji, maana yake ni kwamba ndevu kavu ni adui wa makali. Unywele uliokunywa maji hukatwa kwa nguvu ndogo zaidi. Upe dakika 2 au 3 za maji ya uvuguvugu na povu zito kabla hujagusa wembe. Pitisha kwa hatua fupi, na makali yakae kwenye pembe ya kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Usikandamize, uzito wa kishikio cha chuma unatosha.

Madoa ni kutu, na chumvi iliyomo hewani huku pwani huiharakisha. Chuma kisichoshika kutu cha wembe kina kromiamu kama asilimia 13. Hiyo huchelewesha kutu, haiizuii, na makali ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote. Ukimaliza kunyoa legeza kishikio nusu mzunguko, pitisha maji safi pande zote, kung'uta, kisha uchovye kichwa kwenye spiriti. Spiriti hufukuza maji na kukauka haraka. Kiweke kishikio nje ya bafu. Kosa linalofanywa na wengi ni kufuta makali kwa taulo: nyuzi za taulo huweza kuyaharibu.

Mbona kunyoa mara ya pili kwa wembe mpya mara nyingi ni laini kuliko mara ya kwanza? (Msomaji, Kinondoni)

Ni utando. Baada ya kunolewa, makali hunyunyiziwa plastiki ya jamii ya tefloni, ile ya vikaango visivyoshika chakula, na kuchomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 300 ili ishike. Bila utando huo wembe mkali hukwama kwenye unywele na kuvuta. Lakini kwenye ncha yenyewe utando hubaki mzito kidogo, na nywele za kwanza huusukuma nyuma. Ukisikia ugumu mara ya kwanza usiutupe. Wapo wanaopitisha makali mara moja kwenye kizibo cha koki cha chupa ya mvinyo ili kuondoa ziada hiyo. Kwa wembe wa kawaida ni kupoteza ukali kwa hiari. Kwa Feather, kwa mwenye ngozi nyepesi, kuna mantiki.

Maandishi ya "platinum" na "chromium" kwenye pakiti yana maana, au ni biashara? (Msomaji, Muscat)

Yana maana ndogo kuliko herufi zake. Wembe haukutengenezwa kwa platinamu. Ni tabaka jembamba mno la madini magumu lililowekwa kwenye makali, chini ya tefloni, ili kuyasaidia yasipoteze umbo. Badiliko kubwa la kweli lilikuwa chuma kisichoshika kutu. Kampuni ya Wilkinson Sword ya Uingereza ilipoleta nyembe zake zilizopakwa utando mwaka 1962, Gillette ililazimika kufuata mwaka uliofuata, kwa sababu nyembe za chuma cha kaboni zilikuwa zinatupwa mapema. Za kaboni bado zipo, Treet ya Pakistani wanazitengeneza, na wapo wanaozisifu kwa ulaini. Kwa joto na unyevu wa huko kwenu, ichukulie kuwa ya siku moja: usipoikausha, kesho utaikuta na kutu.

Wakuu, mimi ni kinyozi. Navunja wembe katikati na kutumia nusu kwenye kishikio cha kinyozi. Nusu moja inaweza kunyoa wateja wangapi? (Msomaji, Kigoma)

Mmoja. Hapa hatuzungumzii ukali tena. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka ambayo huioni, na kufuta wembe kwa spiriti kati ya mteja na mteja si kuutakasa. Pakiti ya nyembe 5 ni wateja 10; weka gharama hiyo kwenye bei yako, na uvunje wembe mteja akiona.

Vunja ukiwa bado ndani ya karatasi yake: kunja kwa urefu mpaka usikie umekatika, ndipo ufungue. Kuhusu kudumu, wale wanaonyoa nyumbani kwa nusu wasilinganishe hesabu zao na za kishikio cha pande mbili. Nusu ina ukingo mmoja unaobeba uso mzima, kwa hiyo nusu iliyonyoa mara 2 imefanya kazi ya wembe mzima ulionyoa mara 4.

Nikitumia wembe mkali natoka vipele shingoni, nikitumia butu pia natoka. Nichague upi? (Msomaji, Kisumu)

Mkali, ila uutumie kidogo. Ndevu za kujikunja zikikatwa chini sana, ncha yake hurudi na kuchoma ngozi, ndipo kipele kinapotokea. Wembe butu hukulazimisha kupita mara nyingi na kuivuruga ngozi. Mkali hukushawishi utafute ulaini wa mwisho. Pita mara moja kufuata nywele zinakolala, mara mbili ikibidi, usipite kinyume chake, na usivute ngozi kwa kidole, kwani ukiiachia nywele zilizokatwa huzama chini yake. Vipele vikiwa vingi, acha kunyoa kwa wiki 4, kisha anza kwa mashine ya umeme inayobakiza kama milimita 1. Vikitoa usaha au kuacha makovu, muone daktari wa ngozi.

Naweza kunoa wembe kwenye glasi au suruali ya jinzi? (Msomaji, Bukoba)

Kusugua kwenye jinzi au kiganja kwa kurudi nyuma hunyoosha makali yaliyopinda kidogo, na huenda ukapata kunyoa mara moja zaidi. Palipomeguka hapazibiki. Ndani ya glasi utaondoa tefloni iliyobaki na kupata wembe unaovuta.

Nyembe zilizokwisha tuzitupe wapi? Nyumbani kuna watoto. (Msomaji, Arusha)

Chukua kopo la maziwa ambalo halijafunguliwa. Badala ya kulifungua, lipasue juu mpasuo mmoja wa milimita 25 hivi. Wembe una upana wa 22, utaingia kwa ncha. Mimina maziwa, suuza kwa kutikisa maji ndani, kausha. Baadhi ya vibweta vya plastiki vya nyembe vina mpasuo wa namna hiyo upande wa chini, kwa ajili ya zilizotumika. Kopo likijaa, gonga mpasuo kwa nyundo ujifunge kabla halijaenda kwenye taka. Usiviringishe wembe kwenye karatasi na kuutupa kwenye mfuko: anayebeba mfuko huo ndiye atakayeukuta.