Kijana unayetaka ufundi pikipiki, sikiliza kwanza ndo ushike spana

Nina gereji ya pikipiki huku Siha, njia ya kutoka Sanya Juu kwenda Ngarenairobi, na kabla ya hapo nilikuwa saisi, nilitunza farasi kwenye shamba moja huku huku Kilimanjaro Magharibi. Wengi hawajui kama huku kuna farasi ila wapo, na mpaka leo nikiitwa kwenda kusaidia kukata kwato naacha kazi naenda, nawapenda sana hawa wanyama. Sasa vijana wakija kuomba niwafundishe kazi nawaambia jambo moja tu, usifungue chochote kabla hujakiangalia na kukisikiliza.

Hilo nililipata kwa farasi. Farasi akichechemea hakwambii ni mguu gani, na asiyejua ataanza kubonyeza huu mara ule mpaka mnyama anakasirika. Mzee aliyenifundisha alikuwa anasema mtoe nje, mtembeze kwenye ardhi ngumu, kamba iwe legevu kichwa kiwe huru, alafu wewe tulia umtazame kichwa. Kama shida iko miguu ya mbele, mguu mbovu ukikanyaga kichwa kinapanda, mzima ukikanyaga kinashuka. Ukishaujua ndo unauinua, unatoa matope na mawe kwenye kwato, unaweka kiganja kulinganisha joto na kwato ya upande wa pili, unagusa mshipa pale juu ya kwato usikie unavyodunda. Ikiwa ya moto na mshipa unapiga kwa nguvu huenda kuna usaha ndani, hapo muite daktari wa mifugo, usichimbe mwenyewe na kisu.

Njoo kwenye pikipiki sasa. Mteja analeta Boxer yake anasema fundi injini imekufa, mlima haipandi. Fundi mwenye haraka anasema shusha silinda tuweke pistoni na ringi zake za kuizungushia mpya, na mteja hajui kitu, analipa. Mimi nauliza kwanza, inakosa nguvu ikiwa ya baridi au ikishatembea? Ukiiacha kidogo inawaka? Alafu naipanda mwenyewe. Kama inatoka vizuri, ikifika mbele inaanza kukatakata kama imeishiwa mafuta na tenki limejaa, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia fyuuu hewa inaingia basi umeshapona, katundu ka hewa kwenye mfuniko kameziba vumbi. Mafuta yakishuka kwenda kabureta lazima hewa iingie juu ichukue nafasi yake, isipoingia mafuta yanagoma kushuka. Kazi ya sindano na upepo wa kompresa, injini hujaigusa kabisa! Vumbi la huku kiangazi linapita kila mahali, ndo maana hata filta ya hewa nawaambia wasisubiri sevisi, waifungue mapema waikague.

Alafu jifunze kusoma plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta, ifungue uangalie rangi ya ncha yake, inasema mengi. Kahawia ya kufifia iko sawa. Nyeusi kavu yenye masizi ujue mafuta yamezidi hewa, anza na filta. Nyeusi imelowa oili, hapo oili inapanda, angalia na moshi wake, ule wa bluu ukitoka asubuhi tu ukiwasha alafu ukaisha mara nyingi ni vali sili, vile vimpira vya kuzuia oili kwenye vali, ukitoka muda wote ukivuta mafuta hapo sasa ndo tuongee habari za ringi. Nyeupe inachoma sana, hewa imezidi. Na cheni jamani msikaze mpaka ikawa kama waya wa simu, acha icheze sentimita mbili na nusu hadi tatu hivi, maana mtu akishapakia abiria na gunia la viazi shokapu zinashuka na cheni inajikaza yenyewe, matokeo yake bering na sproketi ndo zinaumia.

Nasisitiza haya kwa sababu dereva wengi wa huku pikipiki sio zao, ni za mkataba, hesabu ya bosi inatakiwa kila siku inyeshe isinyeshe. Ukimfungulia injini bila sababu umemlia pesa ya spea na umemnyima siku ya kazi, na bado jioni hesabu anadaiwa. Ana watoto yule. Na hawa wote wanakaa kijiwe kimoja, ukimfanyia mmoja hivyo kufika kesho wote wanajua.

Kusikiliza kwenyewe kuna namna. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse injini, mpini uweke sikioni, sogeza taratibu toka juu kwenye hedi mpaka chini kwenye kreki, utasikia kelele inatokea wapi, angalia tu nywele na nguo zisishikwe na cheni. Kwa farasi ni vilevile, jioni nilikuwa naweka sikio ubavuni, tumbo la farasi mzima linanguruma. Likiwa kimya na hataki kula, anageuka kuangalia ubavu, anachimba chini kwa kwato au anagaagaa, piga simu kwa daktari saa hiyohiyo, farasi hana uwezo wa kutapika na tumbo linaweza kumuua haraka. Na kwa anayefikiria kufuga, jua likizama awe bandani, visubi vinavyoeneza ule ugonjwa mkubwa wa farasi wa Afrika vinauma zaidi kuanzia machweo mpaka alfajiri, na pundamilia wanaubeba bila hata kuugua.

Kuna kelele za injini unazisikia vizuri ikiwa ya baridi, ikishachemka zinajificha. Kwa hiyo dereva akija na malalamiko ya hivyo namwambia aniletee usiku akishamaliza kazi, ilale kwangu, alfajiri naiwasha mwenyewe nikiwa nimeinama pale na bisibisi yangu. Kama ni jambo dogo anaikuta tayari kabla abiria wa kwanza hawajatoka, na hesabu yake haijaguswa.