Vifaa vya bass kwa mbasa wa Ziwa Nyasa: kipi ubebe, kipi ukiache Mbeya

Mkuu, umeuliza kama lile boksi la chambo bandia za bass uliloletewa kutoka Marekani, pamoja na fimbo ngumu na uzi wa paundi 30 (uzito unaoweza kuubeba kabla ya kukatika), vinatosha kwenda navyo Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kumtafuta mbasa. Kwa kifupi: fimbo iache nyumbani, uzi ubadilishe, na humo bokisini chagua vichache tu.

Shida iko kwenye tabia za samaki wenyewe. Bass, samaki wa maji baridi wa Marekani, ni mviziaji. Anajibanza kwenye majani na magogo, chambo kikipita anafunua kinywa chake kikubwa na kukivuta ndani pamoja na maji. Vifaa vyake ni vizito kwa sababu akishakamata lazima umng'oe majanini kabla hajazungusha uzi kwenye shina. Mbasa ni mkimbiaji. Anawafukuza usipa, dagaa wa ziwa hili, kwenye maji ya wazi na kwenye midomo ya mito, na akinasa anakimbilia kilindini, hana gogo la kumsaidia. Kwake unataka fimbo inayopinda, uzi mwembamba unaorushwa mbali na breki laini, ile sehemu ya rili inayoachia uzi samaki akivuta. Ukimvuta kwa fimbo ya bass, ndoana inapasua ngozi ya mdomo na anaondoka.

Fimbo ya mita 2.1 hadi 2.4, ugumu wa kati, iliyoandikwa kuwa inarusha gramu 7 hadi 21. Rili ya kawaida, ile ya kuning'inia chini ya fimbo, saizi 2500 au 3000. Angalia inavuta uzi kiasi gani kwa mzunguko mmoja wa mkono: sentimita 75 hadi 90 inatosha. Chini ya hapo utachoka bure, maana chambo cha mbasa kinataka mwendo.

Kwenye uzi ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Una njia mbili. Ya kwanza ni nailoni ya milimita 0.25 hadi 0.28. Ni rahisi, inanyumbuka, na inasamehe makosa ya mkono. Ubaya wake ni kuchoka kwa jua na kukariri umbo la kikombe cha rili, kwa hiyo ibadilishe mara inapoanza kutoka kama springi. Ya pili ni uzi wa kusuka wa paundi 10 hadi 15. Huu karibu haunyumbuki, unarushwa mbali zaidi na unasikia hata samaki akigusa tu. Ila unaonekana majini na unakatika upesi ukisugua jiwe, kwa hiyo mbele yake funga mita moja na nusu ya fluorokaboni, uzi usioonekana sana majini, ya paundi 12. Mimi napendelea huu wa kusuka. Kwa anayeanza na hana subira ya mafundo, nailoni.

Uzi wa kusuka usiufunge moja kwa moja kwenye kikombe cha rili, utateleza wote kwa pamoja na utadhani breki imekufa. Tanguliza mita tano za nailoni, kisha unganisha. Usijaze hadi ukingoni. Bakisha milimita mbili hivi, la sivyo uzi unamwagika kwa mafungu na kutengeneza kiota. Na ukisharusha, funga ule waya wa rili unaoongoza uzi kwa mkono, si kwa kuzungusha, halafu vuta uzi ukaze kabla hujaanza kukunja. Viota vingi vinazaliwa hapo.

Fundo la kuzungusha uzi mara tano na kurudisha ncha, ambalo kila mtu analijua, linafaa nailoni lakini linateleza kwenye uzi wa kusuka. Kwa huo kunja uzi mara mbili, upitishe kwenye tundu, funga fundo la kawaida bila kukaza, vusha kitanzi juu ya chambo kizima, kisha lowesha kwa mate na kaza. Mate si mbwembwe: fundo kavu linapata joto likikazwa na uzi unapoteza nguvu.

Maandishi ya paundi kwenye paketi za bei rahisi usiyaamini. Pima kwa ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Paundi 10 ni kilo 4.5. Funga uzi kwenye mpini wa ndoo, mimina maji kidogo kidogo uone unakatika wapi (ndoo yenyewe nayo ina uzito, uhesabu). Breki nayo ipime hivyo hivyo: iweke iwe robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa uzi wa kilo 5, ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu moja kwa moja kutoka kwenye rili, kisha legeza hadi chupa ianze kushuka polepole. Usikaze tena ukiwa ufukweni kwa sababu samaki anakimbia. Muache akimbie.

Sasa boksi. Vyura vya mpira, minyoo ya mpira ya kufichia ndoana, na zile ndoana zenye risasi na manyoya ya mpira zote weka pembeni, ni za majani na chini ya magogo. Baki na vijiko (vibati vilivyopinda) vyembamba vya gramu 10 hadi 18, spina (chambo chenye kibati kinachozunguka) namba 3 na 4, visamaki vyembamba vya plastiki vya sentimita 7 hadi 9, na visamaki vya mpira vyenye mkia wa kupiga, vya saizi hiyo hiyo, kwenye kichwa cha risasi cha gramu 10. Usipa ndiyo kipimo chako: chambo kikizidi hapo, unapunguza nafasi.

Maji yakiwa meupe tumia rangi ya fedha, na kijani au buluu kidogo mgongoni. Mvua ikinyesha, mito ya Kiwira, Mbaka na Lufirio inaleta tope. Rangi hapo haina kazi kubwa, mtetemo ndio unaomwita. Weka spina ya dhahabu au shaba, na urushe kwenye mstari ambapo maji ya tope yanakutana na meupe, ukikivuta chambo kutoka upande mweupe. Katikati ya tope zito ni kupoteza muda.

Upande wa Matema, chini ya Milima ya Livingstone, kina kinaanguka ghafla karibu na mawe. Rusha kijiko, acha kizame huku unahesabu hadi uzi ulegee. Kama kimegusa chini ukihesabu 12, mara nyingine anza kuvuta ukiwa 9. Vuta haraka, simama nusu sekunde, vuta tena. Mara nyingi anapiga pale kinapoanguka. Spina inasokota uzi, kwa hiyo weka swiveli ndogo, kiungo kinachozunguka, sentimita 50 juu yake. Kijiko hakiihitaji sana.

Waya wa chuma usiweke kwa mbasa. Ni wa jamii ya samaki wasio na meno kwenye taya, meno yake yako kooni. Ncheni, samaki mwindaji mwingine wa ziwa hili, ana meno makali, kwake ongeza unene wa fluorokaboni hadi paundi 20.

Ndoana za mikono mitatu toa, weka moja ya mkono mmoja nyuma, na ule ulimi wake, kile kimwiba cha kurudi nyuma karibu na ncha, ubane kwa koleo. Mbasa hupanda mitoni kuzaa wakati wa mvua, na nyavu za kuziba midomo ya mito zimempunguza sana. Jike lenye mayai litoe ndoana likiwa majini na uliachie. Leseni ulizia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri kabla ya kushuka, na midomoni mwa mito usiingie majini hadi magotini jioni, mamba wapo.

Mchanga wa Matema unaua rili. Usiilaze ufukweni wala kuizamisha ziwani kuisafisha. Ipanguse kwa kitambaa kibichi, na ukifika nyumbani legeza breki kabisa ili vile visahani vya ndani visigandamane.