Wakutubi wanauliza: seva, barkodi na kompyuta za wasomaji

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wa kaunta, wale wanaoulizwa "mbona haifanyi kazi?" kabla fundi hajafika. Tumeyafupisha na kuacha majina.

Maktaba yetu inatumia Koha, programu ya kuendesha kazi za maktaba. Tuliambiwa inatoa nakala ya akiba yenyewe kila siku, lakini tumekuta nakala ya mwisho ni ya wiki tatu zilizopita. Kosa liko wapi? (Mkutubi, Tanga)

Je, seva, yaani kompyuta inayobeba Koha, mnaizima jioni mnapofunga? Kama ndivyo, anzeni kuchunguza hapo. Koha iliyowekwa kwa vifurushi vya Debian au Ubuntu (aina za mfumo wa Linux) hutoa nakala kupitia kazi za kila siku za mashine, na kwa kawaida kazi hizo huanza saa 12:25 asubuhi (kwenye seva mtaona 06:25). Saa hiyo mlango wa maktaba bado una kufuli na mashine imezimwa. Kazi iliyopitwa na saa yake hairudiwi, isipokuwa mashine iwe na programu ndogo iitwayo anacron, ambayo ikiamka hutazama kilichorukwa na kukifanya. Iwekeni kwa amri moja, `sudo apt install anacron`, au iacheni seva ikiwaka usiku kucha.

Pili, angalieni nakala zinakaa siku ngapi. Ziko ndani ya `/var/spool/koha`, kwenye folda yenye jina mlilolipa Koha yenu, na kila siku huwa na faili mbili. Inayoishia na `.sql.gz` ndiyo yenye vitabu, wanachama na maazimo; inayoishia na `.tar.gz` ina mipangilio. Koha hubakiza za siku mbili tu. Mtu akifuta wanachama kwa bahati mbaya Jumatatu, nanyi mkagundua Ijumaa, nakala zenye wanachama hao zimeshaondoka na zilizobaki zote zina pengo lilelile. Fungueni faili `/etc/cron.daily/koha-common`, mtafute `--days 2`, muweke 30. Nakala moja ya maktaba ya vitabu elfu ishirini huwa makumi ya MB tu, kwa hiyo msihofu diski kujaa.

Tatu, mwizi akibeba seva amebeba na nakala. Nunueni diski mbili za nje. Kila Ijumaa nakilini faili mbili za siku hiyo kwenye diski moja, itoke nje ya jengo, na ile ya wiki iliyopita irudi. Ndani mna majina na simu za wanachama, basi zifungeni kwanza kwa amri ya kuficha faili, `gpg -c`, na neno la siri ambalo watu wawili wanalijua.

Sasa lile ambalo karibu kila maktaba huliruka: kujaribu kurudisha. Kila robo mwaka chukueni kompyuta yoyote isiyo na kazi, muweke mfumo uleule na toleo lilelile la Koha, kisha mwandike `sudo koha-restore` mkifuatisha jina la faili la `.sql.gz` halafu la `.tar.gz`. Mpangilio huo usigeuzwe. Ikimaliza, andikeni `sudo koha-rebuild-zebra -f -v` na jina la Koha yenu. Hatua hii ikisahaulika vitabu vitakuwamo, ila kila mkitafuta mtaambiwa hakuna kitu, na tumeona watu wakianza kuingiza vitabu upya wakidhani data imepotea, kumbe ni faharasa tu haijajengwa. Mwisho, mfungueni mwanachama mmoja mnayemfahamu mlinganishe vitabu alivyoazima. Vikilingana, hapo ndipo mna nakala.

Tuliorodhesha vitabu 3,000 kwenye Excel kabla ya kuviingiza kwenye mfumo. Sasa barkodi zikisomwa mfumo unasema kitabu hakipo, na namba za ISBN zimekuwa 9.78997E+12. Tuanze upya? (Msaidizi wa maktaba, Nakuru)

Si kwa kila kitu. Shikeni kitabu kimoja mkononi mtaona kilichotokea: lebo inasema 00004512, jedwali linasema 4512. Excel ikifungua faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwa kubofya mara mbili, huchukulia kila kinachofanana na namba kuwa namba, na sifuri za mbele huzitupa. Mashine ya kusoma barkodi inapeleka tarakimu nane, mfumo una nne, na hapo ndipo wanapopotezana.

Kama lebo zote zina tarakimu nane, sifuri zinarudi kwa fomula `=TEXT(A2,"00000000")` kwenye safu mpya. ISBN ndiyo yenye maumivu. Mkiwa bado mna faili la Excel lenyewe, badilisheni safu iwe namba isiyo na desimali na tarakimu zote 13 zitaonekana. Lakini kama mlishahifadhi kama CSV huku skrini ikionyesha ile E+12, kilichoandikwa kwenye faili ni hicho mlichokiona, na tarakimu za nyuma hazimo tena. Hapo ni kuchukua mashine ya barkodi na kusoma upya majalada ya nyuma. Watu wawili, mmoja anageuza vitabu na mwingine anasoma, kazi huenda haraka kuliko mnavyohofia.

Safari nyingine msifungue CSV kwa kubofya. Leteni faili kupitia menyu ya data, mchague safu za barkodi na ISBN ziwe maandishi kabla ya kukubali. LibreOffice Calc huuliza yenyewe kila mara, na kwa kazi hii sisi tunaipenda zaidi. Mkichapisha lebo mpya, anzeni na herufi mbili, mfano NK000451: jedwali halitathubutu kuigeuza namba. Na msiingize vitabu 3,000 kwa mpigo. Ingizeni kumi, mviazime, mvirudishe, ndipo muendelee.

Mliuliza pia kwa nini mashine moja inalia "pii" lakini lazima mbonyeze Enter kwa mkono. Mashine ya barkodi kwa kompyuta ni kibodi tu. Kwenye kijitabu chake kuna barkodi ya mpangilio inayoongeza Enter mwishoni mwa kila usomaji. Isomeni mara moja, imekwisha.

UPS ya kaunta (kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika) inalia na kuzimika sekunde chache baada ya umeme kukatika. Ina miaka minne. (Dodoma)

Betri imechoka. Nyingi za ukubwa huo zinatumia betri ya volti 12, 7Ah, ambayo kwa kawaida huishi miaka mitatu hadi mitano, na penye joto hupungua. Fundi aweke ya volti ileile na ya zamani irudishwe dukani, kwani ina risasi na asidi. Halafu tazameni nini kimechomekwa. Printa ya leza isiwe humo kamwe: inapopasha moto huvuta mamia ya wati kwa mara moja, na UPS ndogo haihimili.

Tuna kompyuta 12 za wasomaji, zote Windows 10. Tunaambiwa hazifai tena. Bajeti ya mpya haipo. (Mkuu wa maktaba ya wilaya)

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikufa siku hiyo, bali mianya ya usalama inayogunduliwa sasa haizibwi bila mpango maalumu wa nyongeza. Kwenye kompyuta ambayo watu wasiojuana wanaingizia flashi kutwa nzima, hilo si la kupuuza.

Zikagueni moja moja kabla ya kuzihukumu. Windows 11 inataka RAM ya GB 4, diski ya GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa Intel mara nyingi ni ya kizazi cha nane kwenda juu. Wakati mwingine TPM imo lakini imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.

Zisizofuzu, wekeni Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na pesa kidogo mliyo nayo inunue diski za SSD za GB 240. Kompyuta ya RAM GB 4 iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka hubadilika kabisa ikitolewa diski ya zamani inayozunguka. Mkiongeza RAM, angalieni kama ni DDR3 au DDR4, maana hazibadilishani nafasi. Tayarisheni flashi ya GB 8, muiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, mjaribu printa, sauti na intaneti. Kisha badilisheni mbili tu kwa mwezi mmoja, msikilize wasomaji. Lalamiko mtakalolipata ni kwamba barua ya kazi iliyoandikwa LibreOffice ilikaa vibaya ilipofunguliwa kwenye Word. Wafundisheni kuitoa kama PDF kabla ya kuituma.

Shikamooni. Wasomaji wanaomba kazi mtandaoni, wanaondoka wameacha barua pepe wazi na picha za vitambulisho kwenye kompyuta. Nifanyeje? (Mhudumu mpya, Mwanza)

Marahaba. Kumbusha msomaji, ndiyo, ila usitegemee kumbukumbu ya mtu mwenye haraka. Iachie kompyuta kazi hiyo. Kwenye Linux Mint, ruhusu kipindi cha mgeni kwenye mipangilio ya skrini ya kuingilia: mtu akitoka, kila alichokihifadhi kinafutika. Mwambie mapema, asije akapoteza wasifu wake wa kurasa mbili. Kwenye Windows, msomaji atumie akaunti ya kawaida, isiwe ya msimamizi, kivinjari kifute historia na vidakuzi kikifungwa, na folda ya vilivyopakuliwa isafishwe kila jioni. Usisahau printa yenye skana. Baadhi hutunza kurasa za mwisho ndani yake.

Neno la siri la msomaji usiliandike kwenye daftari la kaunta, hata akikusihi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na daftari hilo litakuwa kosa la maktaba. Kabla hajakaa, muulize kama ana simu yenye laini aliyojisajilia. Namba za uthibitisho huenda huko, na wengi hugundua wameiacha nyumbani wakiwa ukurasa wa mwisho.

Intaneti ikikatika tunapiga simu kwa ofisi ya TEHAMA ya kaunti, tunaambiwa "tutakuja". Siku tano zinapita. (Maktaba ya kaunti, Kenya)

Chini ya Katiba ya 2010 maktaba ziko kwenye majukumu ya kaunti, kwa hiyo fundi wenu ni huyohuyo wa hospitali na wa mapato. "Intaneti imekatika" haimwambii abebe nini. Kwanza tazameni kisanduku cha faiba: taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga hauwafikii, na tatizo ni waya au mtoa huduma. Angalieni waya mwembamba haujakunjwa nyuma ya meza, lakini msiuchungulie ncha. Taa zikiwa za kijani, zima ruta, subiri nusu dakika, washa. Kisha andikeni, msipige simu tu:

"Jumanne, saa 4:10 asubuhi. Kompyuta zote 8 na simu hazina intaneti. Taa ya LOS nyekundu. Tumezima na kuwasha mara moja. Jana mafundi wa rangi walisogeza meza. Wasomaji 20 wanasubiri."

Ujumbe wa namna hii fundi anaupeleka moja kwa moja kwa mtoa huduma. Uandikeni pia kwenye daftari la hitilafu. Baada ya miezi mitatu daftari hilo ndilo mtakalokwenda nalo kuomba laini ya akiba.

Kijana aliyejua mitambo yetu yote amehamishwa. Maneno ya siri ameondoka nayo kichwani. (Iringa)

Mpigieni leo, namba yake ikiwa bado inapatikana. Muulizeni vitu vitano: ruta, seva, Koha, barua pepe iliyosajiliwa kwa mtoa huduma wa intaneti, na tarehe ya kulipia jina la tovuti kama mnalo. Ruta msiirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani kwa kubonyeza kile kitundu cha nyuma: jina na neno la siri la mtoa huduma vimo humo, vikifutika mtakosa intaneti mpaka awape upya. La Koha lisiwatishe. Mwenye ruhusa ya sudo, yaani ya msimamizi, kwenye seva anaweza kuweka neno la siri jipya la mtumiaji yeyote bila kujua la zamani.

Yote yahamishiwe kwenye barua pepe ya ofisi, yaandikwe kwenye karatasi moja, iwekwe bahasha iliyofungwa kwenye kabati la mkuu wa maktaba. Kisha mchague mtu wa pili, hata wa sehemu ya watoto, akae kwenye seva na karatasi hiyo mkononi, aizime na kuiwasha yeye mwenyewe mpaka Koha ifunguke. Asisaidiwe. Pale atakapokwama ndipo penye hatua iliyosahauliwa kuandikwa.