Shangazi, nimemficha mke wangu saa niliyoinunua mnadani

*Shikamoo Shangazi. Nina mke na watoto wawili, na huu ni mwaka wa tisa nakusanya saa za mkono za kale. Mwezi uliopita nilishindania kwa simu saa moja ya miaka ya 1960. Nilijiwekea kikomo, nikakivuka mara tatu. Dalali alipogonga nyundo ndipo nikakumbuka kuwa kuna ada ya mnunuzi, robo nzima juu ya bei. Nimechota kwenye akiba yetu ya kumalizia nyumba na mke wangu hajui. Sasa saa imefika, fundi ameifungua, anasema uso wake umepakwa rangi upya na akrabu si zake za asili. Katalogi haikusema hivyo. Nataka kuipeleka mnada mwingine kwa maelezo yale yale niliyoyakuta, nirudishe pesa kimyakimya. Mke akigundua kabla ya hapo, nitamwambia ni uwekezaji, kama ile saa ya Rolex ya mwigizaji wa Marekani Paul Newman. Mimi mwenyewe sikuambiwa ukweli, Shangazi. Nikiuza hivyo nitakuwa nimemdhulumu nani?*

Marahaba, mwanangu.

Utakuwa umemdhulumu mtu wa aina yako. Naye atakuwa ameshika simu sikioni, kikomo chake amekiandika kwenye karatasi, moyo unamwenda mbio. Huenda aliyekuuzia hakujua. Wewe unajua. Tangu fundi alipokuambia, maelezo ya ile katalogi ukiyarudia yanakuwa maneno yako.

Najua kinachokuchoma zaidi ni la mkeo, na nitalifikia. Ila niruhusu nianze na saa, kwa sababu marehemu mume wangu alikuwa fundi saa, na jioni nyingi nilikaa kando ya meza yake nikimshikia taa. Alikuwa akinipa lenzi nami nitazame. Uso wa asili, aliniambia, herufi zake zina kingo kali kama zimekatwa kwa wembe. Uliopakwa upya, herufi zimenenepa, wino umetambaa pembeni, na vile vistari vya dakika havilingani, kimoja kimeingia kwenye duara dogo la sekunde ambako hakikupaswa kufika. Kisha anazima taa. Saa nyingi za miaka ya 1960 zilitiwa tritiamu, kitu chenye mionzi hafifu, ili zing'ae gizani, baada ya watengenezaji kuanza kuiacha radiamu, yenye mionzi mikali, kwa hatari yake. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo leo iliyobaki ni kidogo mno. Ukiimulika saa kama hiyo kwa tochi, huenda ikawaka kidogo kisha ikafifia upesi. Ikiendelea kung'aa usiku kucha, ujue kuna mkono mpya umepita hapo.

Lakini usikimbilie neno "feki". Mume wangu mwenyewe aliwahi kubadilisha nyuso za saa kwa sababu wenye saa walimwomba. Mtu analeta saa ya baba yake imepata madoa, anataka irudi ikimeta. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja madoa yale ndiyo yangetafutwa kwa pesa. Nakwambia hivi kwa sababu kwenye masharti ya minada mingi, saa ya kughushi kabisa ina njia ya kurudishwa, lakini uso uliopakwa upya au sehemu zilizobadilishwa mara nyingi hazihesabiwi hivyo. Saa huuzwa jinsi ilivyo. Hata hivyo yasome masharti yako leo, si kesho, maana muda wa kulalamika una mwisho. Mwombe fundi aandike alichokiona na apige picha akiwa ameifungua, kisha uwaandikie wenye mnada kwa adabu. Je, uliwaomba ripoti ya hali ya saa kabla ya kushindana? Kama waliandika humo kuwa uso ni wa asili, hapo una la kusimamia. Kama hukuomba, basi kuanzia leo usiinue mkono bila hiyo ripoti.

Wala usijione mjinga. Mwezi wa Novemba 2021, Omega Speedmaster ya mwaka 1957 iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga za Uswisi milioni 3. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kampuni ya saa iliyoitengeneza, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kuwa saa ile ilikuwa imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba iliamini wafanyakazi wake watatu wa zamani walihusika. Aliyeitengeneza kadanganyika, wewe uliyeiona pichani?

Sasa hiyo Rolex ya Paul Newman usimpelekee mkeo, nakusihi. Ni kweli mwaka 2017 ilifika dola milioni 17.75 mnadani kule New York. Lakini ile ilikuwa saa aliyonunuliwa na mkewe, Joanne Woodward, akaichonga mgongoni maneno ya kumwambia aendeshe gari kwa uangalifu, naye akaivaa miaka mingi. Watu walilipia mkono ulioivaa na maneno yale ya mke. Saa yako haina hadithi hiyo, na mkeo ataona unamtafutia kishaka cha kujificha.

Mwambie usiku huu, watoto wakishalala. Usitangulize zawadi, wala usianze na mnada. Anza na akiba: nimetoa kiasi hiki, bila kukuuliza, siku fulani. Utaje bei pamoja na ile robo, usimkatie. Halafu ndipo uiweke saa mezani na umweleze ina kasoro gani. Atakasirika, na ana haki. Akinyamaza, usimjaze maneno. Mwachie ashike daftari la akiba tangu sasa, na mkubaliane kuwa hushindanii kitu chochote mpaka pesa ya nyumba irudi, hata kama itabidi uuze saa nyingine mbili tatu ulizozikusanya. Naamini unazijua zipi.

Na hii iuze kwa jina lake: uso umepakwa upya, akrabu zimebadilishwa, mashine ni ya asili kama fundi amethibitisha. Utapata hasara, tena kubwa. Wapo watu wanaotafuta saa ya kale ya kuvaa kila siku, hawajali uso, na bei ya haki watakulipa. Mwambie fundi asiing'arishe kasha kwa ajili ya mauzo. Kingo zikishalainishwa hazirudi. Na kama alikuta vipande vidogo ndani, avitie kwenye bahasha, umkabidhi mnunuzi pamoja na saa.

Niandikie ukishazungumza na mkeo. Nitasubiri barua yako.