Shangazi, shemeji anataka kuniuzia pikapu yake ya dizeli

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 39, ninafanya biashara ya viazi mviringo hapa Njombe. Wakati wa msimu, ambao kwangu ni kama wiki 20 kwa mwaka, ninakusanya magunia 60 kila wiki kutoka vijiji vilivyo umbali wa kilomita 40 hivi, na ninakodi gari kwa shilingi 5,000 kwa gunia. Msimu uliopita gari la kukodi halikutokea mara mbili, na mteja wangu kutoka Dar es Salaam akanunua kwa wengine. Sasa kaka mkubwa wa mume wangu anauza Toyota Hilux yake ya mwaka 2006, injini ya dizeli ya D-4D ya lita 3.0, kwa shilingi milioni 28. Nina milioni 24, ambazo ni mtaji wangu wote pamoja na mgawo wa kikoba, na nne zinazobaki anasema nitamlipa baada ya mavuno. Mume wangu anasema gari la ndugu halikaguliwi, na kwamba nikipeleka fundi nitakuwa nimemvunjia kaka yake heshima. Asubuhi gari linatoa moshi mweupe, lakini shemeji anasema ni baridi ya Njombe. Kadi bado ina jina la mtu aliyemuuzia. Nifanye nini? — Mama Viazi

Marahaba, mwanangu. Nakujibu moja kwa moja: kwa masharti uliyoyaandika, usinunue. Sisemi hivyo kwa sababu Hilux ni gari baya, kwani wewe mwenyewe unaziona kila siku zikipanda milima ya Makete zikiwa zimeshafikisha umri wa kuoa. Nasema hivyo kwa sababu barua yako imejaa maneno ya shemeji, maneno ya mume na uchungu wa mteja aliyekupotea, lakini hakuna mahali inapoonyesha kwamba mtu yeyote kati yenu amekaa na kalamu akapiga hesabu ya kazi ambayo gari hilo litakufanyia. Basi tuianze hesabu hiyo hapa, kwa takwimu zako mwenyewe.

Magunia 60 ya kilo 100 ni tani sita, nami nachukulia kwamba hununui lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, maana ukinunua lumbesa hesabu yote inazidi kuharibika. Hilux imetengenezwa kubeba takriban tani moja, yaani magunia 10, kwa hiyo mzigo wako wa wiki moja utahitaji safari sita za kwenda na kurudi, jumla ya kilomita 480 katika barabara ambazo mvua ikinyesha unazijua mwenyewe. Nikikadiria kwamba gari lililobeba mzigo kwenye barabara hizo litakwenda kilomita 8 kwa lita, na dizeli nikiiweka shilingi 3,000 kwa lita, utatumia lita 60, yaani shilingi 180,000 kila wiki. Leo unalipa shilingi 300,000 kwa magari ya kukodi. Tofauti ni shilingi 120,000 kwa wiki, sawa na shilingi milioni 2.4 kwa wiki 20, na kutoka katika hizo bado hujamlipa dereva, hujabadilisha oili, hujanunua tairi na hujakata bima. Hata kama matumizi hayo yote yangekuwa bure, gari la milioni 28 lingehitaji karibu miaka 12 kurudisha fedha yako, nalo sasa hivi limeshapita umri wa pikapu nyingi zinapoanza kudai matengenezo makubwa.

Watakuwepo watu watakaokuambia kwamba Hilux hubeba magunia 20 bila kulalamika. Ni kweli kwamba zinaonekana zikibeba, na ni kweli pia kwamba ukizichungulia chini zile zilizofanya kazi hiyo kwa miaka, utakuta chesi imechomelewa nyuma ya kebini, springi zimeongezwa majani na mpira wa ekseli unavuja oili. Biashara iliyojengwa juu ya kupakia mara mbili ya uwezo wa gari ni biashara ya fundi wa kuchomelea, si yako.

Sipuuzi hasara ya mteja aliyekwenda kwa wengine, kwani hiyo ni hasara halisi ambayo haimo katika hesabu yangu ya dizeli. Lakini iandike: mara mbili ulipokosa gari, ulikosa shilingi ngapi? Kama ni laki nne kila mara, hiyo ni laki nane kwa msimu, na laki nane haidai pikapu. Inadai makubaliano bora na mwenye gari. Kenta, yaani lori dogo, ya tani tatu ingemaliza mzigo wako kwa safari mbili tu. Mtafute mwenye Kenta anayeheshimika, mwekeane siku maalumu ya wiki, mpe kianzio cha msimu na muandikiane kwamba asipofika bila taarifa anarudisha sehemu ya fedha hiyo. Ukiweza kuungana na akina mama wengine wawili wanaokusanya viazi njia hiyohiyo, atakuja mbio, kwa sababu mzigo wa uhakika ni jambo ambalo kila mwenye gari analitafuta.

Hata hivyo, inawezekana una sababu nyingine ambazo hukuziandika, kama vile kusomba mbolea, kwenda shamba lako mwenyewe, au kulikodisha gari siku ambazo huna mzigo (ukibeba mizigo ya watu kwa malipo, ukumbuke leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini). Kwa hiyo nitalizungumzia gari lenyewe, kwa kuwa maelezo ya shemeji kuhusu moshi hayanitoshi.

Ni kweli kwamba dizeli ikiwashwa kwenye baridi kali ya mwezi wa sita au wa saba inaweza kutoa moshi mweupe kidogo, kwa sababu mafuta hayajaungua vizuri ndani ya silinda zilizopoa. Moshi wa namna hiyo huisha injini inapoanza kupata joto. Moshi ukiendelea baada ya hapo, na injini ikawa inagonga kwa sauti kavu na kutetemeka gari likiwa limesimama, nozeli zinazopulizia mafuta ndani ya silinda zinashukiwa. Na kama maji ya redieta yanapungua bila kuonekana yanapovujia, gasket au silinda hedi inashukiwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito wakati wa kupanda mlima ni mafuta mengi kuliko hewa, na chanzo chake huwa chujio la hewa, turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) au nozeli. Kwa sababu hiyo nenda kuliona gari alfajiri, bila kutoa taarifa ya usiku uliotangulia, na kabla halijawashwa weka kiganja chako juu ya injini. Ukiikuta ina uvuguvugu, mtu ameshaipasha moto ili usione inavyoamka.

Ikishawaka na kutulia, fundi afungue kifuniko cha kuwekea oili na kukiweka juu ya tundu lake bila kukikaza. Kifuniko kikicheza kidogo tu, si neno. Kikirushwa na moshi ukatoka kwa pumzi nzito, injini inapumua, yaani ringi na silinda zimechoka, na hapo unazungumzia kushusha injini. Kisha achomoe kijiti cha oili aitazame na kuinusa. Katika injini hizi za D-4D za miaka ile ya mwanzo kuna ugonjwa unaojulikana na mafundi wazoefu: washa za shaba, yaani vile vipete vya kuzibia vilivyo chini ya nozeli, zikiacha kuziba vizuri, moshi wa mwako hupenya na kuchafua oili, masizi hujikusanya kwenye chujio lililo ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili hushindwa kupanda, na turbo pamoja na injini hufa wakati gari lilikuwa linakwenda vizuri tu jana yake. Mwulize shemeji washa hizo zilibadilishwa lini na sampu ilishushwa lini. Mwulize pia kuhusu mkanda wa taimingi, ambao kwa kawaida hubadilishwa gari linapofikisha kilomita 150,000. Kama hana risiti wala kumbukumbu, hesabu kwamba haujabadilishwa, kwa sababu ukikatika valvu hugonga pistoni na injini unaisahau.

Nozeli za injini hii husukuma mafuta kwa presha inayozidi bar 1,000, na usahihi huo ndio unaozifanya zisivumilie maji, vumbi wala mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kutokana na tatizo la uchakachuaji, lakini vinasaba havikusaidii unaponunua dizeli ya kwenye dumu kijijini kwa sababu giza limekukuta na taa ya mafuta imewaka. Bei ya nozeli nne mpya na halisi huhesabiwa kwa mamilioni. Ndiyo maana, kama ningekuwa natafuta pikapu ya kuzunguka vijijini, ningezitazama kwanza zile za zamani zenye injini ya 3L au 5L, ambazo hazina turbo, pampu yake si ya kompyuta, na fundi wa Makambako anaweza kuifungua na kuifunga bila kutafuta mashine ya kupimia. Ni nzito mlimani, na dereva kijana atalalamika. Mwache alalamike.

Jambo la kadi ni zito kuliko moshi. Kama kadi bado ina jina la mtu aliyemuuzia shemeji, basi katika kumbukumbu za TRA, mamlaka ya mapato, gari ni la mtu huyo, na shemeji yako hana uwezo wa kukuhamishia umiliki ambao yeye mwenyewe hajahamishiwa. Mtu huyo akifariki, akihama, akigombana na mkopeshaji wake au akiamua kutopokea simu, utabaki na gari ambalo huwezi kuliuza kihalali. Sharti la kwanza liwe kwamba shemeji akamilishe uhamisho kwenda jina lake, ndipo mauziano yenu yafuate kwa mkataba ulioshuhudiwa na wakili, kila mmoja akiwa na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Uione kadi halisi kwa macho yako, si nakala, kwa kuwa wakopeshaji wengi hushikilia kadi kama dhamana. Na namba ya gari iangaliwe kwenye mfumo wa faini za trafiki, maana madeni hayo hulifuata gari. Namba za chesi na injini zilinganishwe na zilizo kwenye kadi. Kama mtaji ni wako, jina litakaloandikwa kwenye kadi mpya likubaliwe kabla fedha haijatoka, na mimi naona liwe lako.

Tukija kwenye heshima, mume wako amekosea, ingawa naamini hakusema kwa nia mbaya. Ng'ombe wa mahari hutoka kwa wakwe, watu wenye heshima kuliko wote, na bado wazee huwazunguka mmoja mmoja wakiangalia meno na kwato. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ukoo umetukanwa. Mzungumze faraghani, wala usianze na ubovu wa gari la kaka yake. Anza na fedha. Mwambie: "Baba watoto, milioni 24 ndiyo biashara yangu yote. Nikiziweka kwenye gari, wiki inayofuata nitanunua viazi kwa fedha gani?" Swali hilo sikuliona popote katika barua yako, nalo ndilo lililonikosesha raha nilipoisoma. Mkulima halipwi kwa ahadi ya pikapu. Usiku uleule utakaponunua gari utakuwa na chombo cha kubebea mzigo na huna mzigo, pamoja na deni la milioni nne kwa mtu unayekula naye Krismasi, deni ambalo naona halina hata maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika familia hupotea pamoja na salamu.

Kisha yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mdogo wa muuzaji na mzee huyo atamsikiliza kuliko wewe, aende amwambie kaka yake kwamba mnalitaka gari, kwamba fundi atakuja kulikagua alfajiri mojawapo, bila kutaja siku, kwa sababu fedha si yenu peke yenu bali imo na ya kikoba, na kwamba mnaomba kadi iwe imeshahamishwa. Fundi asiwe rafiki wa shemeji wala dalali, alipwe na wewe, na atamke makadirio ya matengenezo mbele ya wote. Muuzaji mwenye gari zima hana cha kuogopa hapo. Akikataa ukaguzi, atakuwa amekupa jibu bila wewe kumvunjia heshima, na mume wako atakuwa ameliona kwa macho yake.

Iwapo gari litakutwa zima na kadi ikawa safi, bado usitoe zaidi ya nusu ya fedha uliyonayo, tena ubaki na akiba ya milioni mbili hadi tatu ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, mbali na mtaji wa kununulia viazi. Kwa milioni 12 shemeji hatakuuzia, najua, na hana kosa, kwa kuwa anayo haki ya kutafuta mnunuzi mwenye uwezo zaidi. Mtakie heri, msaidie hata kutangaza. Msimu huu wewe kodi Kenta kwa mkataba niliokueleza, andika kila safari na kila shilingi, na mwakani ukiona hesabu imebadilika niandikie tena ukiwa na daftari hilo mkononi.