Sungura amegoma kula baada ya kuhasiwa? Usingoje kukuche

Nianze na hili kwanza maana najua kuna mtu anasoma saa hizi na sungura wake kajikunyata kwenye kona, hajagusa kitu tangu atoke kwa dokta. Kama zimeshapita saa kumi na mbili tangu operesheni na hajala hata jani moja na hajatoa choo, acha kusoma, mpigie dokta wa mifugo sasa hivi hata kama ni usiku wa manane, haya mengine utayasoma ukiwa unamsubiri. Sungura si mbwa. Mbwa analala njaa siku nzima na kesho anaamka anatikisa mkia, sungura tumbo lake likisimama na yeye anaondoka.

Mi nakaa Uyole hapa Mbeya, na wa kwangu anaitwa Kiazi. Jina alipewa na binti yangu kwa sababu tulimchukua kule Isyonje kwa wakulima wa viazi, akiwa mdogo, wa rangi ya udongo, anaenea kwenye kiganja. Alipofikisha miezi kama mitano akaanza tabia za kidume, anarusha mkojo ukutani, anang'ata mikono, na sisi tulikuwa tunataka kumletea jike wa kukaa naye bila kujaza nyumba watoto. Tukaamua ahasiwe. Majirani walishangaa sana, huku kwetu sungura watu wanamjua kama mboga, unampelekaje operesheni? Lakini kwetu huyu ni wa familia, na naandika kwa ajili ya wenzangu ambao nao wa kwao ni wa familia.

Kosa la kwanza tulilifanya kabla hata ya kisu. Pale tulipopanga kumpeleka tuliambiwa kwa simu asile kitu tangu usiku, kama mtu anayeenda kupigwa nusu kaputi, na mi nikaona ni sawa maana nilipofanyiwa upasuaji mwenyewe niliambiwa hivyo hivyo. Basi saa mbili usiku nikamtolea majani yote. Kumbe kwa sungura ni kinyume kabisa. Mtu anafungishwa ili asitapike akiwa usingizini, sungura hawezi kutapika, hana uwezo huo, kwa hiyo kumnyima chakula usiku kucha hakumlindi na chochote, unaanza tu kulisimamisha tumbo mapema. Wanaowajua sungura wanamuacha ale, pengine wanamtolea chakula muda mfupi tu kabla ili mdomo uwe safi. Ukiambiwa umfungishe usiku mzima, uliza vizuri, na ikibidi tafuta dokta mwingine.

Operesheni ilifanyika saa nne asubuhi, saa tisa mchana tukarudi naye nyumbani. Hatukupewa dawa ya maumivu ya kwenda nayo, tukaambiwa atakula mwenyewe. Ilikuwa Julai, na anayeijua Uyole ya Julai anaelewa baridi ninayoisema, jua likishazama unatafuta sweta la pili. Nikamuwekea majani, karoti, maji. Hakuviangalia. Kakaa kama mpira, mgongo umepinda, macho nusu yamefumba. Masikio nilipoyashika yalikuwa ya baridi kama bati la asubuhi. Na kulikuwa na kasauti, mwanzo nilidhani ni panya darini, nikainama karibu na boksi nikasikia ni yeye anasaga meno, kr kr kr, kama mtu anasugua changarawe mbili. Sungura akiwa na raha naye anasaga meno ila ni taratibu, unamshika kichwani unahisi kakutetemeka kadogo tu. Hii ya kusikika kutoka mbali ni maumivu.

Saa tatu usiku nikapiga hesabu. Tangu saa mbili ya jana, hiyo ni saa ishirini na tano bila chakula! Nikampigia dokta mwingine, mzee mmoja anayetibu ng'ombe wa maziwa mtaani kwetu.

"Shikamoo dokta, samahani kukusumbua usiku, sungura wangu kahasiwa leo na hataki kula."

"Marahaba mama. Amekunya?"

"Hapana dokta, sijaona hata kimoja tangu turudi."

"Anasaga meno?"

"Anasaga sana."

"Tumbo limekuwa gumu, limevimba kama ngoma?"

Nikagusa. Lilikuwa laini, kama unga uliokandwa.

"Basi mfunike apate joto, nakuja."

Hilo swali la tumbo lishike vizuri. Kama limevimba na limekaza na sungura amelegea, usimlishe kitu kwa nguvu maana huenda kuna mahali pameziba, ukiongeza chakula juu yake unamuumiza zaidi. Huyo ni wa kukimbizwa kwa dokta tu.

Alipofika alimchoma sindano ya maumivu, akaniachia meloksikamu ya maji, dawa ya kutuliza maumivu, ya kumpa siku zilizofuata kwa kipimo chake kulingana na uzito, akanieleza kitu ambacho natamani ningeambiwa mapema. Watu tunadhani sungura amekosa hamu ya kula kwa hiyo tunahangaika na chakula, tunabadilisha majani, tunabembeleza. Kumbe hali kwa sababu anaumwa, na asipokula utumbo unapunguza mwendo, gesi inajaa, gesi nayo inauma, basi ndio hali kabisa. Ni mduara. Pa kuukatia ni kwenye maumivu, kisha joto, chakula kinafuata. Ukianza na chakula huku anaumwa unajichosha na yeye unamchosha. Kwa hiyo kabla hujaondoka pale kwa dokta uliza, dawa ya maumivu ya nyumbani iko wapi? Usiondoke mpaka upewe jibu.

Na tafadhali usimpe dawa za watu kutoka kwenye droo. Hasa amoksilini ya kunywa, wengi tunayo ndani tunadhani itazuia kidonda kisioze, kwa sungura inaua bakteria wazuri wa tumboni wanaosaga majani na inaweza kumuua kabisa. Kama anahitaji dawa ya kuzuia maambukizi, dokta anajua zipi zinamfaa.

Joto sasa. Nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikajaza maji ya moto ya wastani, nikaizungushia kanga mara mbili nikaiweka upande mmoja wa boksi, upande mmoja tu ili akizidiwa na joto asogee. Chini nikatandika taulo kuukuu, sio maranda ya mbao, maranda yanaingia kwenye mshono. Jirani alitaka niingize jiko la mkaa chumbani nikakataa. Moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua watu wazima kila baridi ikija, sembuse kiumbe cha kilo mbili. Baada ya nusu saa hivi masikio yakaanza kuwa ya uvuguvugu, na kusaga meno kukapungua. Hapo ndipo tukaanza habari ya kula.

Nchi za wenzetu wanauza unga maalumu wa kulishia sungura mgonjwa. Mi sikuwa nao, nilichukua peleti za sungura za duka la mifugo, vile vipande vidogo vya chakula kilichokandamizwa, nikaloweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka zikavurugika zenyewe, nikaponda na kijiko, nikapitisha kwenye chujio la chai ili zisizibe bomba la sindano. Bomba bila sindano, naona nilitaje maana binti yangu alishtuka. Ukikosa peleti unaweza kuchemsha boga bila chumvi wala sukari ukaponda likawa laini, linasaidia kusukuma siku moja. Ila uji hapana. Nilishauriwa uji wa ulezi wenye sukari na maziwa ili apate nguvu, na aliyenishauri alikuwa na nia njema kabisa, lakini wanga na sukari vinachachuka kwenye tumbo la sungura na kuleta gesi ile ile unayohangaika kuiondoa.

Namna ya kumlisha ni hivi, mfunge kwenye taulo mpaka shingoni kama mtoto mchanga, akae kwa tumbo lake, usimlaze chali hata kidogo maana chakula kitaingia kwenye mapafu. Bomba liingie kwa pembeni ya mdomo, nyuma ya yale meno marefu ya mbele kuna uwazi. Sukuma nusu mililita. Ngoja atafune. Umuone kabisa taya linazunguka na amemeza ndio uongeze nyingine. Dokta aliniambia kwa kilo zake mbili tulenge kama mililita mia kwa siku nzima, kidogo kidogo kila baada ya saa nne hivi. Mara ya kwanza aliingiza mililita sita tu, nyingine zote zilinimwagikia kifuani, na ilinichukua nusu saa, lakini sita ni sita. Wakati huo huo mwekee maji kwenye bakuli zito, sungura wengi wanakunywa zaidi kwenye bakuli kuliko chupa ya kunyonya, na majani mpe yakiwa na maji maji.

Halafu jaribu harufu. Saa tisa usiku nilikata giligilani iliyobaki kwenye friji, nikaifikicha kati ya vidole mpaka harufu ikatoka, nikamsogezea puani. Pua ambayo tangu mchana ilikuwa imetulia ikaanza kucheza. Akalishika jani moja, akalitafuna polepole kuanzia ncha mpaka likaisha, kisha akasimama. Nililia, sioni haya kusema. Mnanaa nao unafanya kazi hiyo, na majani ya karoti, na mashona nguo mabichi, yale majani yanayoota kila mahali mashambani ambayo mbegu zake zinanasa kwenye nguo, kwa wa kwangu hayo yanashinda vyote. Mtafutie kile alichokuwa anakipenda kabla, siku hiyo sio ya kumfundisha chakula kipya.

Ila kwa sisi wa huku nyanda za juu angalieni sana mnachokata. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya yana sumu kwake, na majani ya mparachichi ni hatari pia, na hivi vitu viwili, viazi na parachichi, ndio vimetuzunguka kuanzia Rungwe mpaka Njombe, mtoto akitumwa kukata majani anarudi navyo bila kujua.

Chakula kikuu kibaki nyasi kavu. Huku hakuna mtu anayeuza nyasi za sungura kwenye pakiti, lakini wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wana hei, nyasi za Rhodes zilizokaushwa, muombe hata furushi dogo. Hakikisha hazina ukungu. Huo uzi mrefu wa nyasi ndio unaosukuma utumbo utembee, karoti ni kama pipi tu.

Choo ndicho kitakachokuambia ukweli kuliko macho yake. Mi nilihesabu na kuandika kwenye daftari la shule la binti yangu, saa kumi na moja alfajiri, vitatu, vidogo kama punje za pilipili manga, vyeusi, vimeunganishwa na manyoya. Saa tatu asubuhi kumi na moja. Mchana nikaacha kuhesabu. Siku mbili za mwanzo vitakuwa vidogo, usiogope, muhimu vinakuja na vinakua. Pia kuna vile laini vilivyoshikana kama kichala cha zabibu ambavyo anavila mwenyewe vikitoka, usimkataze, ni sehemu ya chakula chake, na ndio maana sungura akivalishwa ile kola ya shingoni anapata shida, havifikii. Kama haulambi mshono sana, muulize dokta kama kola ina ulazima.

Mtoe nje ya boksi atembee kidogo sakafuni, kutembea kunaamsha tumbo. Asirukeruke kwenye viti tu. Mshono uuangalie asubuhi na jioni, kama unavimba, umekuwa mwekundu sana au unatoa usaha rudi kwa dokta. Na kama ni jike jua kuwa operesheni yake ni kubwa, wanafungua tumbo, kwa hiyo hamu yake inaweza kuchelewa kurudi zaidi ya dume, lakini sheria ya kutokaa bila kula ni ile ile.

Kiazi alianza kula vizuri mwenyewe siku ya tatu, bomba nikaliacha siku ya nne. Jike tulimleta ila tuliwatenga wiki sita nzima, maana dume akishahasiwa bado anaweza kupandisha mimba kwa wiki kama nne mpaka sita, mbegu zilizobaki ndani hazijaisha. Walikuwa wanalala wamegusanisha pua kwenye wavu. Sasa hivi wako boksi moja, na ile chupa ya maji ya moto Julai ikifika naiweka tena, wanaigombania.